Kofia ya Angani Isiyokuwa na Mlango

Juma lililopita nilikabidhi mkasi wangu wa bati, nikapewa kanga mbili na hotuba ndefu. Kanga ni nzuri. Hotuba ilisema mimi nimekuwa nguzo ya karakana, jambo ambalo si kweli. Nguzo ya karakana ni ule mkaratusi unaoshikilia paa, nao hakuna aliyewahi kuupa kanga. Nyie vijana mlionizunguka siku ile mliniuliza swali moja tu la maana: eti ni kweli hapa Tunduma tuliwahi kutengeneza kofia za watu wa angani? Ni kweli. Ila nitaanza mwanzo, maana nimestaafu na sina haraka.

Nilikuja Tunduma kutoka Ruanda, hii ya Mbozi, nikiwa mke mpya mwenye ndoo mpya. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli. Ndoo ilianza kuvuja kabla ndoa haijaanza, nikaipeleka kwa Fundi Nzowa, mzaliwa wa Iyula, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyetafuna buni mbichi kama wengine wanavyotafuna karanga. Akaiziba. Ikavuja. Nikairudisha, akaiziba tena, ikavuja tena. Niliporudi mara ya tatu nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ndoo yake ingefaa kumwagilia bustani.

Hakukasirika. Alinisukumia chuma cha kulehemea, kimewiva kutoka kwenye jiko la mkaa, akasema, "Haya, mama. Ziba mwenyewe."

Nikaziba. Iliendelea kuvuja, lakini kidogo kuliko ya kwake. Akaitazama muda mrefu, akatema ganda la buni, akasema, "Kesho njoo asubuhi." Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu ya kazi na ndiyo usaili wangu. Mume wangu alipinga kwa siku chache, mpaka alipogundua kwamba mtaani ni nyumbani kwetu tu kusikokuwa na chombo kinachovuja.

Kwa Nzowa nilijifunza kwamba lehemu haipendi uchafu, ni kama mkwe: usipofuta vizuri pale inapokuja kukaa, itakaa kidogo kisha itaondoka na kukutangaza. Nilijifunza kugonga bati kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli, na kwamba bati likigongwa kwa hasira hujikunja kwa hasira. Tulitengeneza ndoo, vibatari, masanduku ya shule, michirizi ya maji ya mvua, na birika za kumwagilia miche ya kahawa kwa wakulima wa Mbozi. Nzowa alifundisha kwa kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo, naamini, ilipunguza waumini. Akiacha kuimba, ujue umekosea.

Ujamaa ulipofika, karakana ikawa ya ushirika. Tulipata ubao wenye jina na tulipata mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema asiyejua bati, na kwa muda bati lilikuwepo, kwa hiyo hawakukutana. Kisha baada ya vita vile na jirani wa kaskazini, vitu vikaadimika. Sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, na bati ndiyo usiseme. Tukawa tunakata madebe ya mafuta ya kula yaliyotumika, na mafuta yenyewe yalipoadimika, madebe nayo yakakatika. Mwenyekiti akaja siku moja kutuambia kwa upole kwamba karakana isiyo na bati ni chumba tu, na chumba kinaweza kuhifadhi mbegu za mahindi. Sisi tungekwenda kulima shamba la ushirika. Nzowa alisema amekuja Tunduma ili kuukimbia mpini wa jembe, na kwamba kama ni kulima, kwao Iyula ardhi inalimika vizuri zaidi.

Hapo ndipo inaingia sinema.

Mzee Seif, mfanyabiashara wa malori kutoka Tanga, alikuwa na ghala la mahindi, mashine ya sinema aliyoipata ng'ambo ya mpaka, na sinema moja. Moja tu. Jumapili alasiri aliziba madirisha ya ghala kwa magunia, akawasha jenereta, akatundika shuka la mkewe Bi Zuhura kuwa pazia la picha. Jina la ile sinema lilikuwa la Kiingereza na hakuna aliyejisumbua nalo. Sisi tuliiita Vichwa vya Sufuria. Ilihusu watu waliovaa nguo nyeupe na kofia kubwa za chuma, wanatembea kwenye mawe ya nyota fulani wakitafuta kitu ambacho hatukukielewa. Shuka la Bi Zuhura lilikuwa na ua limedariziwa pembeni, hivyo kwenye nyota ile kulikuwa na ua moja kubwa, na watu wa angani walilipita kila Jumapili bila kulichuma. Kwa kuwa hapakuwa na sinema nyingine, mji mzima uliijua kwa moyo. Watoto waliwasemea wale watu maneno kwa Kinamwanga, lugha ya hapa.

Miongoni mwa watazamaji alikuwemo Ba Mulenga, mwenye baa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, Zambia. Zamani alifanya kazi migodini. Alikuwa na ugonjwa wa kukusanya kofia: kwenye ukuta wa baa yake zilining'inia kofia ya mgodini, ya zimamoto, ya pikipiki, ya askari wa enzi za mkoloni, na moja aliyosema ya nahodha wa meli, ingawa bahari iko mbali na Nakonde kuliko heshima ilivyo mbali na baa. Siku moja akaja karakana.

"Mwapoleni mukwai," akasalimu kwa lugha ya kwao. "Nataka kofia ya wale watu wa sinema."

"Tunaweza kutengeneza kama ile," akasema Nzowa.

"Awe, mukwai! Si kama ile. Ile ile. Sawasawa."

Akaeleza. Bendi ya baa yake ilitakiwa kupiga muziki uwanjani kwenye sikukuu ya uhuru wao, na alitaka wapigaji wote wavae kofia za angani. Kwanza angeona kofia moja moja kutoka kwa mafundi wawili, azilinganishe na sinema yenyewe. Atakayefananisha zaidi atapewa kazi ya bendi nzima, na malipo yatakuwa bati: bati jipya bapa, na lehemu, vya kutosha kwa kofia na kubaki na vingine vingi. Nzowa aliacha kutafuna. Bati jipya! Nilikuwa nimesahau hata harufu yake.

Fundi wa pili alikuwa Athumani, mtu wa Kigoma aliyefanya kazi barazani pa duka la Mzee Seif. Athumani hakuwa fundi bati haswa. Alikuwa fundi wa chochote kilichopita mbele yake. Yeye aliichukua ndoo ya plastiki, akaipindua, akaanza kuipamba.

Majuma yaliyofuata mji ulikuwa na mjadala mmoja. Walibishana kama kofia ina matuta mawili utosini au matatu. Walibishana juu ya urefu wa waya wa redio. Walibishana juu ya rangi, na hapo niseme wazi kwamba sinema ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Wenye malori walisema kofia ni ya fedha. Mwalimu wa kwaya alisema ni ya buluu, kwa sababu mbingu ni buluu. Nzowa alisema, "Mimi napaka ninachokiona. Ninachokiona ni kijivu." Akapaka kijivu.

Halafu kulikuwa na bonde. Kiongozi wa watu wa angani alikuwa na kibonde kidogo, kama alama ya kugongwa, juu ya jicho la kushoto kwenye kofia yake.

"Lile bonde ni ajali," akasema Athumani. "Kofia iliwaangukia wakati wa kupiga picha."

"Ajali ikishapigwa picha si ajali tena," akasema Nzowa. "Ndiyo ilivyo."

Akaligonga bonde. Aliligonga kwa siku nzima, maana kuharibu bati kwa ustadi ni kazi kuliko kulinyoosha. Kofia nzima aliifinyanga ndani ya mdomo wa kinu kikuukuu, akigonga bati la mwisho tulilokuwa nalo, la madebe ya mafuta, vipande vinavyobebana kama maganda ya chungwa, mpaka likawa duara kama kibuyu. Mbele tukaweka kioo cha pikipiki, ile plastiki nene, tukakibana kwa misumari ya ribiti. Shingoni tukazungusha mpira wa baiskeli, maana kwenye sinema kofia ilikaa shingoni barabara, hewa haipiti. Masikio, matuta, waya, vyote vilikuwepo. Nimefanya kazi ya bati maisha yangu yote na sijaona tena kitu kizuri namna ile. Nzowa alipomaliza aliiweka juu ya benchi akaizunguka akiimba, na safari hii hata sauti haikuwa mbaya sana.

Siku ya kulinganisha ilikuwa Jumapili. Ghala lilijaa. Kofia mbili ziliwekwa juu ya gunia la mahindi kando ya shuka, jenereta likanguruma, na watu wa angani wakatokea.

Ya Athumani ilianza vizuri kwa sababu iling'aa. Lakini alikuwa ameweka uzi mweupe kuanzia utosini hadi begani, akidai kwamba upo kwenye sinema. Upo kweli. Ila watu wa angani walipotoka kwenye picha, ule uzi ulibaki ukicheza juu ya mawe matupu.

"Athumani," akasema Mzee Seif taratibu, "huo ni mkwaruzo wa filamu."

Ghala likacheka mpaka magunia ya madirishani yakatikisika. Athumani naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Ya Nzowa ikapita kila mtihani. Matuta yalikuwa matatu. Waya ulikuwa vilevile. Kiongozi alipogeuza uso na bonde likaonekana, watu walitazama shuka, wakatazama gunia, wakapiga makofi. Ba Mulenga alikuwa amesimama, mikono kichwani, akisema "Ee mukwai, ee mukwai," kama mtu aliyeona malaika wa kabila lake.

Yangeishia hapo. Lakini Mzee Seif akasema, "Mimi ndiye mwenye sinema. Mimi ndiye nitakayeijaribu."

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu na masikio ya heshima. Alivua kofia yake ya lasi, akampa mkewe, akainua ile ya Nzowa kwa mikono miwili, akaisukuma. Masikio yalilala nyuma, ndevu zikaingia, mpira wa baiskeli ukasema *fyop*. Watu wakashangilia. Mzee Seif akatembea kwa hatua nzito kama wale wa kwenye nyota, akapunga mkono, hata akalikwepa ua la kwenye shuka. Nimewahi kuona watu wazima wakifurahi, lakini si kwa kiasi kile.

Kisha akajaribu kuivua.

Mwanzoni tulidhani anaigiza. Aliivuta, ikapanda hadi kwenye taya, ikakataa. Masikio yaliyolala kwa kuingia yalisimama kwa kutoka. Akavuta tena. Kioo kikaanza kuwa cheupe kwa ndani, kwa pumzi zake. Hapo nikakumbuka kwamba kofia haina tundu hata moja. Kwenye sinema hapakuwa na tundu, na sisi tulikuwa tumefanya kazi nzuri.

"Mnaniulia mume wangu!" akapiga kelele Bi Zuhura. "Mnamuua ndani ya debe!"

Wanaume wawili walimshika Mzee Seif mabegani, Ba Mulenga akavuta kofia, wote wanne wakaanguka juu ya mahindi. Athumani alikuja na nyundo kuvunja kioo. Nilimzuia, ile plastiki haivunjiki, na nyuma yake kulikuwa na uso wa mtu. Mtu mmoja alipenyeza vidole chini ya mpira, ukavibana. Mzee Seif alikuwa amepiga magoti sasa. Mikono yake haikuvuta tena, ilipapasa tu.

Mkasi wa bati huwa nauweka mfukoni mwa aproni, hata Jumapili, na hata mume wangu alishaacha kuuliza. Niliutoa, nikapenyeza ncha yake shingoni, nyuma, nikakata mpira. Kisha nikaelekeza mkasi kwenye bati. Nzowa akanishika mkono.

Nikamtazama. Ile ilikuwa kofia yake, na lilikuwa bati letu la mwisho, na karakana yetu ilikuwa imekaa juu ya kichwa cha Mzee Seif. Nilidhani ananizuia, na nilikuwa tayari kumpiga.

"Si hapo," akasema. "Hapo kuna ribiti, utakwama. Huku, kwenye maungio." Akausogeza mkono wangu upana wa kidole. "Kata. Usisite, bati linajua mtu anayesita."

Nikakata kuanzia shingoni hadi utosini, lehemu ikipasuka mbele ya mkasi. Nzowa akaingiza vidole vyake vitupu kwenye mpasuko, akaupanua, damu ikamchuruzika, akaivua kofia kama mtu anavyomenya ndizi. Mzee Seif akatoka akiwa na rangi ya kijivu kile kile tulichopaka. Alivuta pumzi, akakohoa, akavuta tena. Bi Zuhura alimkumbatia kichwa chote, karibu amzibe upya.

Maneno yake ya kwanza, baada ya kumshukuru Mungu, yalikuwa: "Nzowa, humu ndani kunanuka mafuta ya kukaangia samaki."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia. Nzowa hakucheka. Alikaa juu ya gunia, vidole vimefungwa kwa kipande cha kanga ya Bi Zuhura, akitazama ile kofia iliyopasuka kama mtu aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa.

Ba Mulenga alituambia pale pale. Kofia iliyofanana ni ya Nzowa, hilo halina ubishi. Lakini hawezi kuizika bendi yake. "Wapigaji wangu wapumue, mukwai. Mkiweza, kazi ni yenu. Mkishindwa, nampa huyu wa ndoo."

Kesho yake Nzowa alisema hatoboi. "Nikitoboa tundu si ya kwenye sinema. Nitakuwa nimetengeneza chujio la chai."

"Fundi, wale ni watu wa muziki. Sauti itatokea wapi?"

"Kwenye sinema hawaimbi."

"Mwenyekiti ataweka mbegu humu ndani."

"Aweke. Mbegu nazo hazihitaji uongo."

Tukagombana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo, nilimpigia kelele mbele za watu. Nilimwambia kwamba anayaheshimu macho ya watu waliokaa gizani kuliko pua ya mtu mzima. Akavaa koti akaondoka. Kwa juma zima hakuja. Nilifungua karakana peke yangu, nikanoa mikasi isiyokuwa na cha kukata.

Jumapili iliyofuata nilimkuta ghalani, mstari wa mbele, peke yake kwenye benchi. Mzee Seif alikuwa amekubali kuonyesha sinema tena, shingo yake ikiwa na kitambaa. Nzowa hakugeuka kunisalimu mpaka mwisho. Taa ilipowashwa alisimama, macho mekundu.

"Eliza," akasema, "umewahi kuona visogo vyao?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena.

"Hawageuki," akasema. "Nimewatazama mwanzo hadi mwisho. Hata wakikimbia, wanakimbia kuja kwetu. Aliyewapiga picha alikuwa mbele siku zote." Akavaa koti lake, na nikamwona anatabasamu. "Basi mbele ni kwao. Kisogo ni chetu."

Usiku huohuo akamtumia Ba Mulenga ujumbe, na bati likaja, limefungwa kwa magunia, likinuka upya wake. Msiniulize lilivukaje mpaka. Tulifanya kazi kama watu waliofunguliwa. Mbele tulifanya kila kitu kama kwenye sinema: matuta matatu, kioo, waya, na bonde kwenye kofia ya mwimbaji peke yake, maana yeye ndiye kiongozi. Nyuma tuliweka mlango wenye bawaba na komeo, kama tulivyofanya kwenye masanduku ya shule, na chini ya mlango safu za matundu ya hewa. Athumani alikuja mwenyewe kuomba kupaka rangi. Nzowa alimpa brashi na onyo moja: uzi mweupe, hapana.

Sikukuu ya Wazambia tulivuka kwenda Nakonde kutazama. Uwanja ulikuwa umejaa, jua la alasiri likiwaka juu ya vichwa vyetu vya kweli na vile vya bati. Bendi ikaingia kwa mstari, kifua mbele, na waliokuwa wamekwishaona sinema ya Mzee Seif wakapiga kelele za kutambua. Ba Mulenga alilia hadharani. Gitaa likaanza, ngoma zikaingia, na sauti ya mwimbaji ikatoka ndani ya kofia ikiwa nzito, ya kisimani, nzuri kuliko alivyowahi kuimba bila kofia.

Kisha wimbo ukachanganya, na wapigaji wote wakageuka kucheza kwa viuno, migongo kwa watu. Uwanja mzima ukaona milango ile, bawaba na komeo, imejipanga kama masanduku ya wanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule. Watu wakapasuka kwa kicheko. Kijana mmoja mrefu aliyesimama mbele yetu akageuka, hakujua anaongea na nani, akasema kwa sauti:

"Lakini hii milango kwenye sinema iko wapi?"

Nzowa alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone. Akamtazama kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna tena anachohitaji.

"Nenda kawageuze wale wa sinema," akamwambia, "halafu uje unieleze."